Ukurasa wa Nguvu za Mwisho

Daftari lenyewe ninalo bado. Ni la kurasa mia mbili, jalada gumu la bluu, la aina ile wanayonunuliwa wanafunzi wa sekondari, na nimejaribu mara mbili kulitupa nikashindwa. Mara ya kwanza nililitia kwenye ndoo ya takataka, nikalitoa kabla chai haijachemka. Mara ya pili niliamua kulichoma, lakini kuni zilikuwa mbichi na hasira ikapoa kabla moto haujashika. Humo ndani, kwenye kurasa za nyuma, kuna mstari mmoja niliouandika kwa mkono wangu tena na tena: Mama, macho, kliniki. Nimehesabu. Niliuandika mara kumi na moja.

Naeleza ilivyokuwa kwa sababu wenzangu kazini bado wanalisifu daftari hilo, na mimi nimechoka kutabasamu.

Chanzo ni semina. Ofisi yetu hapa Kisii ilituletea mwezeshaji kutoka Nairobi, mwanamke nadhifu mwenye viatu vyeupe ambavyo matope yetu yalivimaliza siku hiyo hiyo. Alitukusanya kwenye ukumbi wa hoteli, tukapewa chai na mandazi, akatuambia kwamba maisha yetu yote tumekuwa tukipanga kazi vibaya. Msizipange kwa haraka yake, alisema, wala kwa ukubwa wake. Zipangeni kwa nguvu zinazokula. Kazi inayotaka akili iliyochangamka ifanyeni asubuhi mkiwa wapya. Ya nguvu kiasi ifuate. Ile isiyodai kitu, ya kukaa na kusubiri tu, iwekeni kwa zile saa ambazo mwili umekwisha. Akachora ubaoni betri tatu za simu: moja imejaa, moja ina nusu, moja inalia ichajiwe.

Nilimwamini, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, nalea watoto wawili, naandika ripoti ambazo wakubwa walitia sahihi bila kuzisoma, na orodha yangu ya mambo haikuwahi kuisha hata siku moja. Jioni ile nilipita dukani nikanunua daftari nikaligawa sehemu tatu. Kurasa za mbele niliziita Nguvu Tele. Za katikati, Nguvu Kiasi. Za mwisho kabisa, karibu na jalada la nyuma, Nguvu za Mwisho. Kila Jumapili mchana niliketi mezani na kunakili upya mambo ya wiki iliyopita ambayo hayakufanyika.

Kinachoniudhi ni kwamba lilifanya kazi. Lingenishinda mapema ningeitukana semina, nikarudi kwenye vurugu yangu ya zamani, na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini ripoti zilianza kutoka kabla ya muda. Mkubwa wangu aliniita ofisini akaniomba niwafundishe wengine. Wenzangu walinitania kwamba nimemeza betri. Nikavimba kichwa.

Kisha mama akapiga simu. Mama anaishi ng'ambo ya Nyaramba, upande wa Nyamira, kwenye shamba letu la chai na ndizi. Ndugu zangu wawili wako mbali, mmoja Mombasa na mwingine Eldoret, kwa hiyo wa karibu ni mimi. Siku ile ilitangulia sauti ya mwanamke wa boma la pili, tunayemwita mama jirani, ikisema, "Subiri, mama yako huyu." Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye simu yake mkononi abonyezewe na mwingine.

"Macho yananisumbua," mama akasema. Mimi naye huongea Kikisii, hapa nayaandika kwa Kiswahili tu. "Kuna ukungu hauondoki hata jua likitoka. Ukipata nafasi unipeleke Kisii."

Ukipata nafasi. Hivyo ndivyo mama zetu wanavyoomba. Wanakuachia mlango wazi wa kukataa, nawe unapita humo bila hata kuona kwamba ni mlango.

"Usijali," nikamwambia. "Nimekuandika kitabuni."

Na kweli nilimwandika. Kalamu mkononi, nilijiuliza nilivyofundishwa: jambo hili linakula nguvu gani? Nikajijibu kwamba halili kitu. Unamchukua mama, unaketi naye kwenye benchi, jina linaitwa, mnarudi nyumbani. Hata gunia la viazi linaweza kukaa kwenye benchi. Nikafungua nyuma ya daftari, kwenye Nguvu za Mwisho, nikaandika maneno yale matatu kati ya "kushona kitufe cha sketi" na "kupanga sufuria kabatini".

Sasa, nguvu zangu za mwisho zilikuwa zinafika Ijumaa alasiri. Ndipo akili ilipokuwa imekauka na mtu angeweza kunipeleka popote. Ijumaa ya kwanza nilimpigia mama nikamwambia najiandaa kuja kumchukua.

Akacheka. "Ijumaa? Wewe ulilelewa nyumba ya nani?"

Nililelewa nyumba yake. Mama ni Msabato tangu kabla sijazaliwa, na Ijumaa yake haina alasiri ya kumpa mtu. Maji yachotwe, mboga ya chinsaga ichemshwe ilale kwenye maziwa, nguo za kanisa zipigwe pasi, kuni ziingie ndani, yote kabla jua halijagusa mlima. Mimi mwenyewe nimekimbizana na jua hilo miaka yote ya utoto wangu, pasi ya makaa mkononi, mama akichungulia mlangoni kuona limebaki kiasi gani. Nilijua. Daftari tu ndilo lililokuwa halijui, na tayari nilikuwa nimeanza kulitii kuliko nilichokijua mwenyewe.

Hata angekubali, kliniki ya macho ilikuwa Jumanne asubuhi. Hilo pia nilikuja kulijua. Lakini Jumanne asubuhi ilikuwa ya Nguvu Tele! Nimwage asubuhi nzima, saa zangu bora kabisa za wiki, kwenye benchi? Mwezeshaji angelia. Kwa hiyo nilisubiri Ijumaa nyingine, nikitumaini sijui nini, labda kwamba mama ataacha dini.

Jumamosi nilikuwa naenda kumwona. Tulikaa kanisani, tukala chakula kilichopikwa jana yake, tukazungumza habari za watu. Habari za macho hakuzigusa hata mara moja, kwa sababu kwake Sabato si siku ya kufuatilia shida zako. Nami nilishukuru kimoyomoyo kwamba hazigusi. Jumapili nikarudi mezani kwangu mjini na kunakili: Mama, macho, kliniki. Sketi ilikuwa imeshapata kitufe. Sufuria zilikuwa zimepangwa vizuri sana.

Wiki zikaenda hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunawaambia watoto. Hatuwaambii kwamba pengine matumbo yenyewe ni ya mtu mwingine.

Jumatatu moja simu ikalia tena, mama jirani akatangulia kama awali, na safari hii mama alikuwa na sauti nyembamba ambayo sikuizoea. "Majani yangu yamerudishwa," akasema. "Mara ya pili sasa."

Kwa asiyeijua chai, nieleze. Mchumaji hupeleka majani kwenye banda la kukusanyia, na kabla ya kupima, karani huyamwaga mezani ayaone. Anataka majani mawili laini na chipukizi lake, basi. Majani magumu na vijiti havipandi mizani. Akiyakataa unayarudisha kikapuni na kuyabeba kwenda nayo nyumbani, mbele ya majirani wote walio kwenye foleni. Mama yangu ndiye aliyewafundisha kuchuma nusu ya wanawake wa mlima ule. Kurudishiwa majani kwake ni kama mchungaji kufukuzwa kanisani katikati ya mahubiri.

Niliwaka. Nilijua mara moja kwamba huyo karani ana lake jambo, kwamba amemwona mama ni mjane, watoto wako mbali, akaamua kumwonea. Nikafungua daftari, na hapa nataka msomaji aangalie vizuri ni wapi nilifungua. Mwanzo. Nguvu Tele. Nikaandika: Kwenda kwa karani wa chai. Ugomvi unahitaji betri iliyojaa. Niliingia kwa mkubwa wangu nikaomba ruhusa ya Jumatano, akanipa hata kabla sijaketi. Ruhusa ya kliniki sikuwahi kuiomba. Yule mtu angeweza kunipa siku yoyote ile, na mimi sikumwuliza.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa bandani. Mama alikuwa ameketi kwenye ubao, kikapu mbele ya miguu yake, mama jirani ubavuni. Sikuwasalimu vizuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa karani, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga. Nilimwambia kuhusu wajane. Nilimwambia kuhusu Mungu. Wanawake kwenye foleni waligeuka wakanitazama.

Karani alikuwa mtu mzima wa rika langu, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Aliningoja nimalize. Kisha akachukua kikapu cha mama, akakimwaga mezani, akayatandaza majani kwa viganja.

"Madam, usinipigie kelele," akasema kwa Kiswahili. "Kuja uone mwenyewe."

Nikasogea. Kulikuwa na majani magumu ya chini, yale ambayo hata mbuzi huyafikiria kwanza. Kulikuwa na vijiti virefu kama kidole. Kulikuwa na magugu na nyasi, na kipande cha jani kavu la mgomba.

"Hii imechumwa na mtu haoni," karani akasema, sasa kwa sauti ya chini ili foleni isisikie. "Huyu mama mimi namheshimu sana. Wiki ile ingine nilitoa hizo mbaya na mkono yangu, nikapima zenye zimebaki. Lakini siwezi fanya hivyo kila siku, lori ya kiwanda haingoji. Kwani nyinyi hamjui?"

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa ameinua uso akinitabasamia, kama mtu anayetaka kumtuliza mtoto. Tabasamu lenyewe lilikuwa limeelekea nguzo ya banda, hatua mbili kutoka niliposimama.

Nikamgeukia karani. Nilimwomba radhi, vibaya, maneno yakikwama. Tukabeba kikapu, tukashuka kuelekea nyumbani, mama jirani akimshika mama kiwiko bila kuonyesha kwamba anamshika, na ndipo nilipoona kwamba mkono ule ulikuwa umezoea pale. Tulipofika, mama akaingia ndani kupapasa vikombe. Nikamvuta mama jirani kando, penye mgomba.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupalilia mahindi," akasema. "Alianza kulima maharagwe pamoja na magugu."

Wao wana egesangio yao, wanawake watano wa pale mlimani. Ni ushirika wa jembe: leo wote wanalima kwako, kesho kwa mwenzako, mpaka mzunguko umalizike na kuanza tena. Hakuna anayeulizwa leo una nguvu kiasi gani. Mwenye homa analima kidogo, mwenye afya analima pake na kipande cha mwenye homa, na zamu ya mtu hairukwi hata awe mgonjwa kitandani. Walipoona macho ya mama yamekwisha, walimweka katikati ya mstari. Wa kulia akawa anamwambia polepole songa huku, wa kushoto akawa anamwambia acha hilo ni haragwe. Shamba la mtu likalimwa, na jina la mama likabaki kwenye mzunguko.

"Lakini chai kila mtu huchuma yake," mama jirani akasema. "Hapo hatukuweza kumfichia."

"Mbona hamkuniambia?" Nilisema kwa ukali ambao sikuwa na haki nao.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tulijua unajua. Mama yako alitwambia umemwandika kwenye kitabu, anangoja zamu yake. Tulimwuliza kila wiki. Akasema zamu haijafika, itafika."

Nilisimama pale penye mgomba, na nakumbuka nikitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kumpiga. Mama hakuwa amesahau wala hakuwa ameogopa kunisumbua. Aliniamini kwa namna anavyoiamini egesangio. Jina likishaingia kwenye zamu, huendi kugonga mlango wa mtu kuuliza. Unangoja, kwa sababu haijawahi kutokea ikapita.

Jumanne iliyofuata tulikuwa kliniki Kisii kabla mlango haujafunguliwa. Ile benchi niliyosema haili nguvu, ilikula. Hakuna ripoti iliyowahi kunimaliza namna ile. Niliketi nimeshika kitambulisho cha mama, kila jina linapoitwa nainuka nusu, na yeye kando yangu akinipa habari za ndizi, ni mkungu upi umekomaa, ni upi umeangushwa na upepo. Nilitamani anyamaze na nilitamani asinyamaze.

Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu, akazima taa, akawasha, akampima tena. Akatueleza kwamba ni presha, ila si ile ya damu, ni ya ndani ya jicho, nayo haiumi, inakula kimya kimya. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiza kitundu cha kuona, kama mtu anayetazama ndani ya bomba. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, ya kulinda hicho kilichobaki.

"Na kilichokwenda?" nikauliza.

"Kilichokwenda hakirudi. Mngemleta mapema kidogo."

"Mapema kiasi gani?"

Alifikiri. Alikuwa mtu muungwana, na nadhani alinisoma usoni. "Siwezi kukuambia kwa hakika, mama. Lakini hii haikuanza jana."

Mama akamshukuru. Alimshukuru mara tatu, akamwombea baraka za Mungu yeye na watoto wake, na mimi nikaudhika naye pale pale, mbele ya daktari, kwamba anashukuru. Nilitaka akasirike. Nilitaka aniulize kitu barabarani tukirudi, hapo Keumbu gari liliposimama nikamnunulia ndizi mbivu. Alikula ndizi, akasema ni tamu lakini zake ni tamu zaidi.

Siku hizi chai yake inachumwa na mwanamke mwingine wa egesangio, na mama huketi barazani asubuhi akisikiliza mikono ya watu shambani. Anasema anaweza kutambua kwa sauti nani anachuma vizuri na nani anang'oa. Mama jirani humtia matone siku za kazi. Mimi huja Ijumaa, asubuhi, siyo alasiri, na kumtia mwenyewe mpaka Jumapili. Niliomba ofisini nikapewa, kwa barua ya mistari miwili.

Nakala za daftari langu, au tuseme mtindo wake, ziko kwenye meza nne ofisini. Wiki jana mmoja alinionyesha lake kwa fahari na kuniuliza kama amepanga sawasawa. Nilifungua nyuma kabisa kwanza. Kulikuwa na jina la baba yake. Nilimwambia mambo makali kuliko alivyostahili, akanikasirikia, na hatujasemezana mpaka leo. Sijali sana. Labda alikwenda kwa baba yake, labda hakwenda.

Jumapili iliyopita nilikuwa barazani kwa mama. Nilikuwa nimelibeba daftari kwa mazoea, nikaliweka mezani kando ya vikombe, na akasikia jalada likigusa mbao.

"Hicho ndicho kitabu?"

"Ndicho."

"Nisomee hapo nilipo mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba nimepasahau, kwamba ukurasa umechanika. Akawa ameshakunja mikono mapajani, kichwa amekiinamisha kidogo kama anavyofanya kanisani neno linaposomwa. Nikafungua.

"Uko mwanzoni kabisa, mama," nikasema. "Ukurasa wa kwanza."

Akainua kichwa. Shambani mtu alikuwa anaimba akichuma.

"Kurasa zote zimelala upande mmoja," akasema. "Nimezisikia zikianguka. Mimi niko huko nyuma."

Niliweka kidole penye mstari.

"Soma tu, mwanangu. Zamu ni zamu."

Nikasoma. Mama, macho, kliniki. Nikageuza ukurasa, nikasoma tena. Nikageuza, nikasoma. Nilipofika mara ya sita alinyoosha mkono, akaupapasa mpaka akaupata wangu, akasema inatosha, chai inapoa.